Kimeo cha Madamu

Mwaka wa sitini na nane tulikuwa tunakaa Matrah, katika nyumba ya ghorofa iliyogawanywa mapande mawili. Chini tulikaa sisi: mama yangu, shangazi yangu, kaka yangu aliyekuwa karani wa stoo katika kampuni ya mafuta, na mimi. Juu alikaa mwanamke mjane tuliyemwita Bibi wa Bukini, kwa sababu tangu alipoolewa mpaka mumewe alipofariki alikuwa ameishi huko Bukini, yaani Madagaska, na mpaka wakati ule alikuwa akipika wali kwa namna ya huko na kutulaumu sisi kwa namna ya kwetu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimetoka Unguja na sanduku moja na cheti cha skuli, na cheti kile katika Maskati ya wakati ule hakikuwa na kazi yoyote ila kupepelea moto wa seredani. Skuli ya wasichana haikuwepo. Kazi kwa wasichana haikuwepo. Hata Kiarabu chetu kilikuwa kinachekwa na jamaa zetu wenyewe. Tukifungua mdomo tu, binamu zetu wa hapa wanajifunika shela wasionekane meno. Basi nilikuwa nakaa nyumbani, nakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Shangazi hakuweza kunitazama hivyo. Yeye, kabla ya kurudi Unguja kutulea, alikuwa ameolewa Usumbura, mji ambao sasa unaitwa Bujumbura, na huko alijifunza Kifaransa kwa masista wa Kibelgiji waliokuwa wakifundisha wanawake kushona. Siku moja baada ya chai ya asubuhi akaniweka mbele yake ukumbini.

"Kuanzia leo nnakusomesha Kifaransa."

"Cha nini, Shangazi?"

"Unauliza cha nini? Kwani hivi sasa una nini?"

Tukaanza siku ile ile. Kifaransa cha Shangazi kilikuwa na herufi moja kubwa kuliko zote, nayo ni re. Aliitamka kwa ncha ya ulimi, ndefu, inagongagonga kama njugu zinazomwagwa kwenye sinia ya bati. Asante ilikuwa *merrrsi*. Paris ilikuwa *Parrri*. Masista walimfundisha kuwa konsonanti haiachwi njiani. Kila moja ina haki yake, na mwenye kuimeza ameiba.

Nyumba zile hazikuwa na siri. Madirisha yalikuwa wazi kwa ajili ya joto, na sauti ilipanda juu kama moshi. Kabla ya adhuhuri Bibi wa Bukini alikuwa ameshashuka ngazi, taraza aliyokuwa akiidarizi mkononi, sindano imechomekwa kifuani.

"Shoga," akamwambia Shangazi, "hicho unachomfundisha mtoto ni kitu gani?"

"Kifaransa."

"Mimi nilidhani unafukuza kuku."

Hapo ndipo vita vilipoanza. Bibi wa Bukini alikuwa amejifunza Kifaransa kwa mke wa ofisa mmoja wa Kifaransa, mama mkubwa ambaye Bibi alimdarizia vitambaa vya meza kwa miaka mingi, na mama huyo, kwa maelezo ya Bibi, alizaliwa Paris penyewe, karibu na mto. Kwa hiyo Bibi hakuwa na re kabisa. Kila penye re yeye alitia ghaini, ile herufi ya *ghali* na *ghafla*, laini, ya ndani ya koo. Asante yake ilikuwa *meghsi*. Paris yake ilikuwa *Paghi*.

"Re ya ulimi ni ya shamba," alisema. "Ni ya wachunga ng'ombe."

"Masista walikuwa wanasali kwa re hiyo."

"Mwenyezi Mungu anafahamu lugha zote. Wafaransa hawafahamu."

Mama yangu, ambaye hakujua Kifaransa hata neno moja, aliweka sahani ya halwa katikati yao na kuwaomba wale, wanyamaze.

Kilichonichekesha mimi, ingawa sikuthubutu kucheka, ni kwamba katika Kiswahili Shangazi alikuwa askari wa ghaini. Tangu Unguja alitulea hivyo. Mtoto akisema *gali* badala ya *ghali* anavutwa sikio. Akisema *gorofa* anaambiwa: "Nenda kalale uwani, sisi huku tuna ghorofa." Kwake yeye, mtu asiyejua kutoa ghaini hakulelewa. Lakini ghaini hiyo hiyo ikiingia katika Kifaransa, ilikuwa tusi.

Basi nikasoma Kifaransa mara mbili. Asubuhi nasoma chini kwa Shangazi, alasiri nasoma juu kwa Bibi, na ngazini ndipo nilipobadilisha mdomo kama mtu anayebadilisha viatu. Mara nyingi nilisahau. Siku moja Shangazi alinipa kikombe cha kahawa, nami kwa uchovu nikamwambia "meghsi." Alikichukua kikombe mkononi mwangu, akakinywa mwenyewe mpaka mwisho, huku ananitazama.

Habari za Madamu zililetwa na kaka yangu. Alirudi kazini siku ya Alhamisi, akavua viatu na kusema kwamba kwenye kambi ya kampuni, kule pwani, kumekuja injinia wa Kifaransa na mkewe. Wazungu wengine wote pale walikuwa Waingereza, na mke yule hakujua Kiingereza, kwa hiyo alikuwa anashinda peke yake akizungumza na friji. Tena alikuwa na gauni linalotaka kuongezwa kiunoni.

"Nimemwambia, mumewe akimfasiria, kwetu kuna mwenye mkono wa sindano," kaka akasema, "na kwamba kuna wanawake wawili wanaosema Kifaransa. Karibu anibusu. Atakuja Jumatatu."

Shangazi na Bibi wa Bukini walitazamana. Sijapata kuona watu wawili wakielewana haraka kiasi kile.

"Mfaransa wa asili," akasema Shangazi.

"Mwenye lugha yake," akasema Bibi.

"Yeye ndiye kadhi wetu."

"Mimi namkubali. Na atakayeshindwa?"

Walijadiliana mpaka chai ikapoa. Wakakubaliana kwamba atakayeshindwa atamsalimia mwenzake kila asubuhi, mlangoni, mbele ya wapita njia, kwa herufi ya mshindi. Mama akauliza kama hawaoni haya, wanawake wazima. Hawakuona.

Jumatatu nyumba ilipigwa deki mara mbili. Shangazi alivaa kanzu yake ya sikukuu na akaweka sambusa, vileja na mkate wa kumimina. Bibi akashuka na kitambaa cha meza alichokidarizi Bukini, akakitandika juu ya kitambaa chetu, bila kuomba ruhusa. Landrova ya kampuni ikasimama nje, watoto wa mtaa wote wakakusanyika, na mlangoni akaingia mwanamke mnene wa makamo, uso mwekundu kama nyanya iliyoiva, kofia ya majani kichwani, anatoka jasho na kucheka kwa pamoja. Akafungua mikono na kusema:

"Bonzhurrrrr!"

Vikombe vililia kwenye sinia. Sikuwahi kusikia re kama ile. Re ya Shangazi ilikuwa njugu. Hii ilikuwa nazi zinazoanguka juu ya bati.

Shangazi alimkumbatia mgeni kama dada aliyepotea. Machozi yalimtoka. Juu ya bega la Madamu alimtazama Bibi wa Bukini, akamwambia kwa Kiswahili, polepole: "Kesho asubuhi, shoga. Mlangoni." Bibi alikuwa ameshika kiti.

Kwa muda mrefu basi Shangazi akatawala. Alimweka Madamu karibu yake, akamlisha, akamuuliza maswali kwa Kifaransa kilichonyooka, kila konsonanti imesimama mahali pake kama askari wa gwaride. Madamu alijibu kwa mdomo uliojaa sambusa. Na hapo nikaona Shangazi anaanza kuhangaika, kwani Madamu alikuwa na re, ndiyo, lakini konsonanti nyingine alizitafuna zote. Maneno yake yalitoka nusu nusu, mikia imekatwa.

"Anasema nini?" Mama akauliza.

"Nimemuuliza mumewe anafanyia kazi wapi hasa," akasema Shangazi. "Anafanyia Shepa."

"Shepa iko wapi?"

"Lazima iko ndani huko, jangwani." Akamgeukia Madamu na kumuuliza tena. Madamu akainua mabega. "Shepa," akajibu. Shangazi akatufasiria: "Nimemuuliza watakaa Omani mpaka lini. Anasema watakaa huko huko Shepa."

Akamuuliza la tatu, kuhusu bei ya nyama kambini. "Shepa," akasema Madamu.

"Naona," akasema Mama, "hata nyama wananunua Shepa."

Ndipo Bibi wa Bukini alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Shepa si mahali," alisema kwa sauti ya chini. "Maana yake ni *sijui*. Ndivyo wanavyosema wakiwa nyumbani, wanalifupisha. Masista wako hawakukwambia?"

Bibi akajinyoosha, akamgeukia mgeni, na kwa Kifaransa chake cha kumwaga asali, chenye ghaini laini za mke wa ofisa, akamuuliza kama angependa kuongezewa kahawa.

Sikutarajia kilichofuata. Madamu aliruka kana kwamba mwalimu mkuu ameingia darasani. Alirudisha sambusa sahanini. Alifuta vidole. Akakaza magoti pamoja, akaweka mikono mapajani, akajibu kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake, na kila neno lenye re alilikwepa kama mtu anayeruka madimbwi. Kisha akaanza kulia.

Tulishtuka sote. Mama alikimbilia maji. Bibi wa Bukini alihama kiti, akakaa karibu naye, akamshika mkono, na Madamu akasema maneno mengi sana kwa kasi. Bibi alitufasiria kipande kwa kipande.

Kumbe Madamu alikuwa mtu wa kijijini, milimani huko kwao, na kijijini wote hutoa re kwa ulimi, toka padri mpaka mbuzi. Mumewe alianza kazi ya kuchimba kwa mikono yake, akapanda, akapanda, akawa injinia mkubwa. Na kila alipopanda, mkewe alilazimika kukaa mezani na wanawake waliozaliwa Paris, wenye ghaini. Akisema neno, wanatazamana. Mara moja, mke wa mkubwa mmoja alimwomba mbele ya watu arudie neno *treni*, kisha arudie tena, kwa sababu lilikuwa, alisema, linapendeza mno. Tangu siku hiyo Madamu alikuwa hasemi karamuni. Alikuwa anakula tu, na ndiyo maana gauni lilitaka kuongezwa kiunoni.

"Na sasa," Bibi akatufasiria, "wakubwa wanakuja. Ndege itatua uwanja wa Azaiba mwezi ujao, mkubwa wa wakubwa na mkewe. Kutakuwa na karamu. Anasema, gauni ni sababu tu. Alipomsikia karani akisema huku kuna wanawake wanaosema Kifaransa alifurahi. Lakini aliponisikia mimi…" Bibi akasita. Nilimwona anajaribu kuzuia tabasamu, na anashindwa. "Anasema ninasema kama mke wa mkubwa. Anataka nimfundishe."

"Yeye Mfaransa," akasema Shangazi taratibu, "anataka kufundishwa Kifaransa na mtu wa Bukini."

"Ndivyo anavyosema."

"Lahaula!" akasema Shangazi, akaondoka na sahani ya vileja.

Kwa hiyo kesi ya kadhi ikavunjika, maana kadhi mwenyewe aliikana herufi yake. Madamu akawa anakuja mara kwa mara, Landrova inamshusha asubuhi na kumchukua baada ya adhuhuri, na Bibi wa Bukini akawa anamfundisha kule juu. Lakini Bibi hakuwa mwalimu. Alichojua ni kusema tu. Alisema *meghsi*, Madamu akasema *merrrsi*. Bibi akasema tena, polepole. Madamu akasema tena, polepole, kwa re ndefu zaidi. Tulikuwa tunawasikia kutoka chini, meghsi, merrrsi, meghsi, merrrsi, kama pampu inayotaka mafuta. Shangazi alishona huku anatikisa kichwa kwa raha. "Herufi ya kweli haitoki," aliniambia. "Imeshika mizizi."

Siku moja, sijui ilikuwa wiki ya pili au ya tatu, masomo yalikuwa yanafanyika ukumbini kwetu kwa sababu juu kulikuwa na joto la tanuri. Bibi alikuwa amekata tamaa, anajipepea. Mimi nilikuwa napanga vikombe, na Mama akaniuliza nimeweka wapi ungo.

"Nimeupeleka gorofani," nikajibu. Ulimi uliteleza tu.

Shangazi aliinuka mzima mzima. "Gorofani? Go? Nani amekulea wewe?" Akanishika kidevu kama enzi za Unguja, akanivuta kichwa nyuma. "Gho! Ghorofa! Huku, kwenye kimeo! Sema: gho!"

"Gho," nikasema.

"Ghali!"

"Ghali," nikasema.

"Ghali," ikasema sauti nyingine nyuma yetu.

Tukageuka. Madamu alikuwa amekaa pale pale, kichwa amekirudisha nyuma kama mimi, macho yamemtoka. Alikuwa ameitoa ghaini safi, nono, ya Kiunguja. Hata yeye alijishika koo kwa mshangao.

"Ghali," akarudia. "Ghali, ghali, ghali!"

Bibi wa Bukini akamrukia. "Meghsi! Sema sasa: meghsi!"

"Merrrsi," akasema Madamu.

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Katika Kifaransa ulimi wake ulikwenda wenyewe pale ulipozoea, lakini katika Kiswahili haukuwa na mazoea yoyote, ukakubali kulala. Sote tukamtazama Shangazi. Shangazi alitazama dari. Niliona shida yake yote usoni. Amfundishe ghaini mtu mwenye re kama yake? Ampe ushindi mwanamke wa juu? Lakini pia, kwa upande mwingine, mbele yake kulikuwa na mtu mzima aliyetaka kujifunza kutamka ghaini, na Shangazi hakuwahi maishani mwake kumwacha mtu wa namna hiyo apite.

"Mimi," akasema mwishowe, "sifundishi Kifaransa hicho. Tusielewane vibaya. Mimi namfundisha Kiswahili. Atakachokwenda kukifanyia mwenyewe ni shauri lake."

Kwanza alitaka kumkagua. Alikuwa na wasiwasi kwamba huenda Madamu alikatwa kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, utotoni, kama watoto wengi wa kwetu walivyokatwa kwa sababu ya kikohozi. Akamwambia Bibi amfasirie. Bibi alikataa, akasema hilo neno mke wa ofisa hakumfundisha. Basi Shangazi akachukua kurunzi ya kaka, akamwonyesha Madamu kwa vitendo afungue mdomo, akachungulia. Mama naye akachungulia. Mimi pia nikaitwa nichungulie.

"Kipo," Shangazi akatangaza. "Tena kinene. Mtu ana kimeo kama hiki, hakitumii! Ni israfu."

Yakaanza masomo ya kweli. Shangazi alimpa maji asukutue koo, akamkataza kuyameza, akampigia mapigo kwa kijiko. Ili asione haya, tulisukutua sote, wanawake watano wa umri mbalimbali tumekaa mduara, videvu juu, tunatoa *ghhhhh* kama birika za mkahawa. Mwuza maji aliyekuwa anapita na punda wake alisimama, akasikiliza, akabisha hodi kwa hofu akauliza kama kuna mgonjwa. Mama akatoka kumjibu, lakini alikuwa bado na maji mdomoni, akamjibu kwa ghaini. Mtu yule aliondoka akisoma ayatul kursi, na tangu hapo akawa anatuuzia maji kutoka upande wa pili wa njia.

Kisha yakaja maneno. Ghali. Ghafla. Ghasia. Gharika. Ghadhabu. Lugha. Shughuli. Shangazi aliyaunganisha yawe sentensi, na Madamu aliyasema huku anatembea ukumbini na mkono kiunoni: "Ghorofa ghali! Ghasia ghafla!" Baada ya kila sentensi, kabla ulimi haujazinduka, Bibi wa Bukini anadakia: "Sasa, upesi, meghsi!" Na siku moja ikatoka. *Meghsi.* Tulipiga vigelegele mpaka watoto wa mtaa wakaja kuuliza nani anaolewa. Shangazi hakupiga. Lakini alimkatia Madamu pande la halwa, na lilikuwa pande la pembeni, lenye lozi nyingi.

Siku ya karamu gauni lilikuwa tayari, limeongezwa kiunoni, na Bibi amelidarizi shingoni maua ya mkufu. Kaka alikuwa na zamu ya kutoa sahani na glasi, kwa hiyo tulitarajia habari kwake. Kaka alirudi asubuhi, akalala. Tulikaa pembeni ya kitanda chake kumsubiri aamke, lakini Landrova ikafika kabla, na Madamu akaingia bila kofia.

Alisimulia kwa kusimama. Bibi alifasiri, na Shangazi, ambaye sasa alikuwa ameanza kuyaelewa yale maneno ya nusu nusu, alimsahihisha Bibi.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Alisema *bonswagh* mlangoni, na mke wa mkubwa hakugeuza hata shingo. Alisema *meghsi* kwa supu. Alisema *meghsi* kwa samaki. Mumewe alimtazama kama mtu aliyeketishwa karibu na mgeni. Kisha mke wa mkubwa akamwelekea, meza nzima ikanyamaza, akamuuliza anaionaje nchi hii, na nyumba yake ikoje.

Madamu akataka kusema mambo mengi. Akatafuta ghaini, akaipata, lakini ilikuja na neno lake.

"Ghorofa," akasema.

Watu wakasubiri.

"Ghali," akaongeza. Na kwa kuwa alishaanza, na hofu imemshika, yakamtoka yote kama ushanga uliokatika uzi: "Ghafla! Ghasia! Lugha! Shughuli!"

Shangazi alikuwa amefunika uso kwa mtandio.

"Ikawaje?" akauliza Mama.

Ikawa hivi, na mengine kaka alitueleza alipoamka: mezani alikuwepo mzee mmoja wa kwetu, mfanyabiashara wa hapa Matrah aliyekuwa amekaa Tabora nusu ya maisha yake, amealikwa kwa sababu aliiuzia kampuni saruji. Aliposikia, alitua kijiko, akasimama, akamjibu kwa furaha, kwa Kiswahili: "Kweli kabisa, mama! Nyumba zimekuwa ghali, na shughuli zimekuwa nyingi!" Madamu hakuelewa, lakini alikumbuka namna Shangazi anavyoitikia, akaitikia vivyo hivyo: "Lahaula!" Mzee akacheka mpaka akajifuta macho.

Mke wa mkubwa akageuka kwa mumewe. Mkubwa akageuka kwa mume wa Madamu. "Mke wako," alisema, "kwa miezi hii michache amejifunza lugha ya nchi?"

Mume wa Madamu ni mtu mwaminifu. Alijibu: "Shepa."

Basi ndivyo ilivyokuwa kwamba kabla wakubwa hawajapanda ndege yao Azaiba, mke wa mkubwa aliacha agizo: wake wote wa kambini wafundishwe lugha ya wenyeji, na mwalimu awe huyo huyo wa Madamu. Hakuna aliyeuliza ni lugha gani. Kaka alileta ujumbe ule akiwa ameshika tumbo kwa kucheka. "Shangazi, wanataka ukafundishe Kiarabu."

"Wamesema Kiarabu?"

"Hawakutaja jina. Wamesema ile ya Madamu."

"Ile ya Madamu ni Kiswahili," akasema Shangazi. "Mimi nitakwenda kufundisha nilichoombwa."

Landrova ikawa inatuchukua mara mbili kwa wiki, Shangazi mbele kwa dereva na mimi na Bibi wa Bukini nyuma, tunarukaruka kwenye mchanga. Tulifundisha kwenye chumba cha mabati chenye mashine ya kupoza hewa, ya kwanza niliyopata kuiona, nikawa nakaa mbele yake makusudi. Mimi nilisimamia maamkio, Bibi alisimamia maneno ya nguo na mapambo, na Shangazi alisimamia makoo. Wanawake wa Kiingereza walisukutua wakilia machozi. Madamu alikaa mstari wa mbele, akiwasahihisha wenzake.

Tulidhani tutagunduliwa wiki ya kwanza. Lakini wanawake wale walikwenda sokoni Matrah, wakamwambia mwenye duka "ghali sana," na mwenye duka alikuwa mtu wa Pemba, akawapunguzia. Wakamsalimu fundi wa viatu, naye alikuwa wa Mombasa. Jamaa zetu wa Zanzibar walikuwa wameshajaa katika vichochoro vile kiasi kwamba kila mlango wa tatu ulijibu. Siku mmoja wao alipozungumza na mvuvi wa Kibaluchi asimwelewe, walikuja kutuambia kwa masikitiko kwamba maskini yule mvuvi, hajui lugha ya nchi yake.

Shangazi aliwajibu kupitia kwangu, kwa Kiingereza changu cha skuli, kwamba si vizuri kumcheka mtu kwa matamshi yake, akawaambia wafungue midomo, somo linaendelea.